Kompyuta Iliyoitika Hodi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa ya mwezi wa sita, saa ya chakula cha mchana. Daktari alifungua kabati la picha kwenye kompyuta ya chumba cha upasuaji akakuta picha ya mgonjwa wake haipo.

Mgonjwa, mke wa seremala mmoja, alikuwa mezani tayari. Maji yamemjaa kifuani upande mmoja, anahema kama anayepanda mlima na mzigo. Daktari akauliza ni upande gani. Muuguzi mmoja akasema kulia. Mwingine akasema, nadhani. Wakatoboa kulia. Maji yalikuwa kushoto. Jua halijageuka vizuri, mke wa seremala akawa amefunikwa shuka mpaka kichwani.

Penye wakubwa, kifo hakikosi mdogo wa kukibeba. Jumatano asubuhi mdogo alishapatikana: mpiga picha za eksirei, mwanamke anayeitwa na hospitali nzima Mama Pacha kwa sababu ya mapacha wake wawili. Mkurugenzi alisema mama huyo alikosea upande alipoandika karatasi ya majibu, akaogopa, akaipoteza karatasi na kuifuta picha ili kosa lisionekane. Akasimamishwa kazi siku hiyohiyo. Kamati ya nidhamu ingekaa Ijumaa ya wiki iliyofuata: kumfukuza, kisha faili kwenda mahakamani kwa kosa la kusababisha kifo.

Polisi wakamtuma Sajini Pole. Jina hilo alipewa kituoni kwa mwendo wake. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, ambaye hata akimkimbilia mwizi humkimbilia kwa hatua za kwenda sokoni. Alifika hospitalini Alhamisi, siku moja kabla ya kamati. Kitu cha kwanza alichokutana nacho ni benchi la nje ya eksirei, na juu ya benchi, mume wa marehemu.

Seremala huyo walimwita Randa. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kwenye nyusi hata alipooga.

"Bado hujaenda nyumbani, mzee?"

"Nyumbani kuna nini, afande? Kuna sufuria na mimi."

Akakohoa, akaufunika mdomo kwa kofia.

"Kikohozi hicho si nilikwambia jana kwenye simu ukionyeshe?"

"Nimekionyesha. Wamenipiga picha asubuhi, huyu kijana aliyeshika nafasi ya yule mama. Naambiwa nisubiri, picha haijatoka."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi. Labda inapaka wanja kwanza." Hakucheka. "Afande, mimi neno langu moja. Yule mama kama alifanya, nataka afungwe. Kama hakufanya, sitaki mke wangu afanywe kamba ya kumnyongea mtu. Niambie moja tu kati ya hayo, nitakwenda kulala."

Sajini akamwambia asiondoke.

*

Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa na baridi ya ghala la samaki. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma juu ya kichwa chake, naye amevaa koti. Ukutani pamebandikwa tangazo lenye sahihi yake: kila mtumishi, saa ya chakula, azime vifaa vyote kwenye swichi ya ukutani. Bila ubaguzi.

"Umeme hauokotwi," alisema Mkurugenzi alipomwona Sajini analisoma.

"Naona."

"Hii hapa ndiyo kazi yako, imeshakwisha." Alisukuma karatasi moja mezani. Ilikuwa imechapwa picha ya skrini, na ndani yake majina ya kompyuta tatu. "Picha ilifutwa saa ya chakula. Saa hiyo, kwenye mtandao wetu wa ndani, zilikuwa zinawaka kompyuta hizi tu. Ile kuu inayotunza picha, ya chumba cha upasuaji, na ya eksirei. Chumba cha upasuaji wamejaa watu, kila mmoja anamwona mwenzake. Kwenye ile kuu hakuna anayekaa. Anabaki nani?"

"Yeye anasema alizima wa mwisho, wenzake wameshazima kitambo, akaenda kuwachukua watoto shule."

"Kompyuta iliyozimwa inaonekanaje hapa?"

Sajini akaitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko subira ya Mkurugenzi.

"Ni swali zuri, mheshimiwa," akasema. "Nani anaweza kunijibu?"

Mkurugenzi akadhani ametaniwa. Hakuwa ametaniwa.

*

Fundi wa kompyuta aliitwa Antena, kwa urefu. Chumba chake kilikuwa kijichumba kisicho na dirisha, kina mashine kuu, kisanduku cha mtandao kilichochomekwa nyaya za bluu mithili ya kichwa cha rasta, na vyeti vyake vitatu kwenye fremu. Alikuwa fundi mzuri, naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Karatasi hii ni yako?"

"Yangu. Daktari alipopiga kelele nilifungua hapa haraka, nikaona nani yuko hewani, nikaipiga picha skrini. Ushahidi wa moto, afande, haujapoa."

"Nionyeshe ulivyofanya."

Akabonyeza kipanya. Likafunguka dirisha lenye vijipicha vya kompyuta, kila kimoja na jina chini yake. Zilikuwa nyingi, kwa kuwa saa ya chakula ilikuwa bado.

"Hizi zote ndizo zinazogawana mafaili. Ukiiona hapa, ipo. Usipoiona, haipo."

"Dirisha linajuaje?"

"Linajua tu."

"Antena, hata mama mkwe hajui tu. Kuna mtu kamwambia."

Fundi akajikuna shingo. "Haya. Ni hivi. Kompyuta moja kati ya hizi inakuwa kiranja. Nyingine zikiwaka zinakwenda kujitaja kwake: mimi fulani nimefika. Zikizimwa zinamuaga. Dirisha hili linamuuliza kiranja."

"Kwa hiyo lenyewe halikwenda kuangalia. Limemuuliza jirani."

"Ukitaka kusema hivyo."

"Na aliyeondoka bila kuaga?"

Antena akavitazama vyeti vyake kama vinaweza kumnong'oneza.

"Kompyuta haiondoki bila kuaga," akasema taratibu. "Unabonyeza kuzima, inafunga vitu vyake, inaaga, inalala."

"Na ukiizima ukutani?"

*

Mama Pacha alipigiwa simu, akaja na kanga yake na macho yaliyovimba. Lango la hospitali lilitaka kumzuia kwa sababu jina lake lilikuwa limeondolewa. Sajini akaenda kumchukua mwenyewe, kwa mwendo wake uleule.

"Dada afande, nimeleta kila walichoniachia," alisema, akatoa funguo za nyumbani. Kati ya funguo ilining'inia herufi L ya madini ya risasi, ndogo, mguu wake umevunjika nusu.

"Hii nini?"

"Tunaiweka karibu na mgonjwa tunapopiga picha, itoke pichani, daktari ajue kushoto ni wapi. Kila mtu na yake. Yangu ilianguka ikavunjika, niliomba nyingine mwaka juzi. Waliniambia bajeti."

"Twende chumbani kwako. Nataka uzime kama ulivyozima Jumanne ile."

Kijana aliyeshika nafasi yake akawapisha. Ilikuwa imefika saa ya chakula, na ofisi moja baada ya nyingine ilikuwa inanyamaza kwa amri ya tangazo. Sajini akamwachia Mama Pacha chumba, akarudi kwa Antena, wakawa wanasemezana kwa simu.

"Zima."

Soketi ilikuwa chini nyuma ya meza, hakuna anayeinama. Mama Pacha akavua kiatu, akanyoosha mguu, akabonyeza swichi kwa dole gumba. Kupitia simu walisikia *tap*, halafu feni ya mashine ikikata roho.

"Imekufa," akasema.

Sajini na Antena wakakodolea skrini. Majina ya ofisi nyingine yaliendelea kuwepo, ya eksirei pia.

"Onyesha upya," akasema Sajini.

Antena akaonyesha upya. Eksirei ipo.

"Mama Pacha, hakika umezima?"

"Nimesimama gizani, dada. Hata feni ya dari nimeizima."

Wakanywa chai. Eksirei ipo. Antena akaleta kiti cha pili, akakaa na kutetemesha goti. Jina lile liling'ang'ania pale zaidi ya nusu saa, likiwa jina la mashine iliyokufa, ndipo kiranja alipokata tamaa ya kulisikia na kulidondosha.

"Yaani," akasema Antena, sauti yake imekuwa ndogo kuliko urefu wake, "nilimpigia picha mtu ambaye hayupo."

"Umepiga picha ya umbea wa kiranja. Wenzake walizima mapema, kiranja alishawadondosha; yeye aliyezima mwisho akawa bado anatajwa."

"Na kilichofanya asiage..."

"Ni tangazo la bosi wako. Zimeni ukutani." Sajini akaikunja karatasi ya ushahidi katikati. "Wanatoa amri, amri inazaa uongo, halafu uongo wanambandika aliyetii. Lakini tusicheke mapema. Hili halisemi mama huyu hakuifuta. Linasema tu karatasi yako haijui lolote."

Akaisogelea skrini.

"Hakuna njia ya kuuliza bila kupitia kwa kiranja? Kwenda mwenyewe mlango kwa mlango?"

Antena akamtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza.

"Ipo," akasema. "Ila haina vijipicha."

*

Alifungua dirisha jeusi lisilo na kitu ila alama moja inayopepesa.

"Huu ni mstari wa amri. Hapa hubonyezi, unaandika unachotaka." Akaandika, herufi kwa herufi ili Sajini aone: *nmblookup '\*'*.

"Hiyo nyota?"

"Nyota ni yeyote. Hili neno la kwanza linapaza sauti kwenye mtandao mzima wa ndani, hodi! Nyota inasema, simtaki fulani, namtaka yeyote anayegawana mafaili. Aliyepo anaitika kwa anwani yake ya namba. Aliyezimwa hawezi kuitika, maiti haisemi karibu."

"Basi bisha."

Akabonyeza. Mistari ikateremka, kila mmoja na namba zake. Sajini akainama mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Hapa kulikuwa na uchache ambao dirisha la vijipicha halikuwa nao: ofisi zilizozimwa ukutani hazikuitika hata moja.

"Hii ni kuu," Antena akaonyesha kwa kalamu. "Hii ya upasuaji. Na hii..."

Kalamu ikasimama hewani.

"Na hiyo?"

"Sijui."

"Wewe ndiye fundi."

"Ndiyo maana naogopa." Akarudi kwenye dirisha la vijipicha, akapekua. "Kule haimo. Haijawahi kuwemo. Ningeijua."

"Inawezekanaje kuwepo huku na isiwepo kule?"

"Inaweza kuamriwa isijitaje kwa kiranja. Inaingia kimya, inakaa kimya. Lakini ukiibishia hodi mlangoni inaitika."

"Adabu imemponza mwenyewe," akasema Sajini. "Muulize jina."

Antena akaandika amri nyingine na ile anwani mwishoni. Ikajibu neno moja: GIZA.

"Muulize ana nini cha kugawana."

Akaandika tena. Folda moja tu, inaitwa KIFUA. Alipojaribu kuifungua ikadai neno la siri.

Mke wa seremala alikufa kwa kifua. Hakuna aliyehitaji kulisema. Sajini akavuta kiti karibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mtu mwenye haraka.

"Iko wapi hiyo mashine? Si namba. Nataka meza, kiti na mlango."

"Namba haisemi mlango, afande. Lakini nyaya zinasema."

Aliiamuru kompyuta yake imwite GIZA mfululizo, bila kupumzika, na kila GIZA akiitika mstari mmoja unashuka kwenye dirisha jeusi. Kisha akapiga magoti mbele ya kisanduku cha mtandao.

"Nang'oa waya mmoja mmoja. Wewe niambie bado anaitika au kanyamaza. Hii imeandikwa mapokezi."

"Anaitika."

Akaurudisha. "Maabara."

"Anaitika."

"Wodi ya wazazi."

"Anaitika. Hivi mnavyoandika majina haya mnaamini?"

"Aliandika aliyenitangulia. Alikuwa anakunywa. Stoo ya dawa."

"Anaitika."

"Huu umeandikwa akiba. Hauna mtu, upo upo tu." Akaung'oa kwa vidole viwili.

Dirisha jeusi likaganda. Kisha likaanza kulalamika, mstari baada ya mstari, kwamba huko anakoita hakuna jibu.

"Kanyamaza," akasema Sajini. Antena akauchomeka, na GIZA akaitika tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Waya wa akiba ulipanda ukutani pamoja na wenzake, ukaingia kwenye tundu la dari.

*

Antena alipima dari kwa macho, akasema mwenye kazi ya dari yuko likizoni.

"Dari ni mbao," ikasema sauti ya mlangoni. Randa alikuwa amesimama pale, kofia mkononi. Picha yake ilikuwa haijatoka bado, na alikuwa amechoka kulitazama benchi. "Mbao ni zangu. Nipeni ngazi."

"Utakohoa huko juu, mzee."

"Nakohoa hata huku chini."

Sajini akafikiri. Akamfunga leso yake puani. Randa akapanda, akasukuma ubao, kichwa chake kikapotea. Wao, na Mama Pacha nyuma yao, wakatembea chini kwenye korido, yeye akitambaa juu na kugonga kila alipofika. *Gonga, gonga.* Mapokezi. *Gonga.* Ofisi ya mhasibu. Mlio uliofuata ukatokea juu ya ofisi ya Mkurugenzi, na pale ukasita.

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Nani yuko juu ya dari yangu?"

"Polisi, mheshimiwa, kwa mkono wa seremala."

"Hapo hapana! Shukeni! Kuna... kuna nyaya za hatari hapo." Ndani ya koti lake, jasho lilikuwa linamtiririka.

Sajini akamtazama kwa hamu. Waya wa siri, mashine ya siri, na bwana mkubwa anayetokwa jasho kwenye baridi ya ghala la samaki. Kesi nyingi hazikupi zawadi iliyofungwa vizuri hivyo.

"Mzee Randa! Umekuta nini?"

Sauti ikashuka kupitia mbao, na kikohozi ndani yake. "Kuna waya mnene kama kidole gumba, afande. Lakini si wa bluu. Huu wa umeme. Umetoka kwenye laini ya jenereta ya wodi ya watoto, umeingia kwenye kiyoyozi cha mkubwa."

Muuguzi aliyekuwa anapita na sinia akapunguza mwendo.

"Umeme hauokotwi," akasema Mama Pacha, taratibu, kama anayesoma tangazo.

"Na wa bluu, mzee?" akauliza Sajini.

"Wa bluu hausimami hapa. Unapita, unaendelea mbele."

Sajini akakubali moyoni kwamba amehuzunika kidogo. Jasho la mtu ni ushahidi kwamba ana dhambi. Halisemi dhambi ipi. Akamwambia Mkurugenzi afuatane nao, na kwa vile korido nzima ilikuwa inamtazama, Mkurugenzi akafuata.

*Gonga.* Choo. *Gonga.* Kona ya eksirei. Kisha ubao ukafunguka mwisho kabisa wa korido na uso wa Randa ukachungulia, mweupe kwa vumbi.

"Umeteremka ukuta huu."

Palikuwa na mlango mmoja wa zamani, rangi yake imebanduka kama ngozi ya kiazi. Kufuli lake lilikuwa jipya.

Mama Pacha akashika kinywa. "Chumba cha giza."

"Nini?"

"Hapa ndipo tulipokuwa tunasafishia filamu za eksirei, zamani, kabla picha hazijaanza kwenda kwenye kompyuta. Filamu haitaki mwanga. Tuliita chumba cha giza."

"GIZA," akasema Antena. "Na mimi nilidhani mtu kafanya utani."

"Ufunguo?" Sajini akamgeukia Mkurugenzi.

"Chumba hicho kimefungwa miaka. Hakuna ufunguo."

"Kufuli hilo halina hata mwezi."

"Sijui habari zake." Na safari hii, Sajini alitambua, hakuwa anatokwa jasho.

Randa akashuka na bisibisi. Hakuligusa kufuli. Alifungua parafujo za bawaba, akauegemeza mlango mzima ukutani kwa adabu, na kufuli lake likining'inia.

Nyuma ya mlango palikuwa na pazia jeusi. Nyuma ya pazia, masinki makavu ya dawa za kusafishia filamu, yamekula vumbi. Lakini kwenye benchi la zege palikuwa na kompyuta ndogo inayovuma, kiti chenye mto wa kitambaa, na kikombe chenye majani ya chai chini, bado yana unyevu. Kibodi haikuwa na vumbi hata chembe. Skrini ilikuwa wazi. Mtu alikuwa ameondoka akitegemea kurudi.

"Folda yenyewe," akasema Antena. "Haina haja ya neno la siri, tumeingia kwa mwenyewe."

Zilijaa picha za vifua. Hazina majina, namba za wagonjwa tu. Mama Pacha akainamia, midomo yake ikisoma namba kimyakimya, kisha kidole chake kikatua.

"Huyu."

Antena akaifungua. Mbavu nyeupe, moyo, na upande mmoja maji yamepanda kama bwawa. Pembeni ya upande huo palikuwa na kivuli cha herufi L, mguu wake umevunjika nusu. Mama Pacha akatoa funguo zake, akaiweka herufi ya risasi juu ya kioo, kando ya kivuli chake. Vikafanana kama mapacha wake.

"Kushoto," akasema. "Niliandika kushoto. Nilipiga kushoto." Akajikuta amekaa sakafuni, na hakuna aliyemwinua, walimwacha alie.

"Imenakiliwa lini hapa?" akauliza Sajini.

"Jumatatu jioni. Siku moja kabla."

"Kabla ya kufutwa."

"Kabla ya kufutwa, afande. Na kabla ya..." Antena akamwona Randa, hakumaliza.

"Zipange kwa tarehe. Ya mwisho ni ipi?"

Fundi akabonyeza. "Ya leo asubuhi."

"Leo mama huyu alikuwa kwake, na lango halimruhusu," akasema Sajini bila kumtazama Mkurugenzi. "Andika hilo kichwani, mheshimiwa, kamati itakuuliza. Namba?"

Antena akaisoma. Randa, aliyekuwa amesimama karibu na pazia, akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati akatoa kadi yake ya hospitali. Akaisogeza mbali na macho, kama wazee wanavyosoma, kisha akaikabidhi.

"Isome tena," akasema.

Namba ilikuwa moja.

Antena akaichungulia kompyuta kuu kwa laptopu yake, aliyokuja nayo kwapani. Kwenye kabati la picha la hospitali, picha ya seremala haikuwepo. Benchini alikuwa anaambiwa haijatoka. Ilikuwa imetoka, ikaja hapa, kisha kule ikafutwa.

"Ifungue," akasema Randa.

Ikafunguka. Hakukuwa na maji. Lakini mapafu yote mawili yalikuwa yametapakaa vidoa vidogo vyeupe, kama chenga za mchele juu ya kitambaa cheusi. Mama Pacha akainuka kutoka sakafuni. Akakishika kipanya mwenyewe. Akaifungua tena ile ya marehemu, akakuza upande usio na maji. Vidoa. Akafungua ya mgonjwa mwingine asiyemjua, ya wiki iliyopita. Vidoa. Nyingine, vidoa. Nyingine.

"Hizi hazikuokotwa ovyo," akasema. "Mtu anazichagua. Anazitaka hizi tu."

"Zima hicho kitu," akasema Mkurugenzi.

"Ukutani, mheshimiwa?" akauliza Antena.

Sajini alikuwa amesimama kati ya mkubwa na benchi, mwili wake wote mpana ukiziba njia.

"Antena. Aliyenakili na aliyefuta ni mtu mmoja?"

"Mashine hii haisemi. Inasema kuna aliyenakili. Kufuta kulifanyika kule kwenye kuu, na kule hakuna kumbukumbu. Anaweza kuwa mmoja. Wanaweza kuwa wawili, na huyu wa hapa..." Akatafuta maneno. "Huyu wa hapa anawahi kabla ya yule wa kule."

Kiti kilikuwa na mto uliobonyea katikati, mahali mtu alipozoea kukaa. Sajini akaugusa. Baridi. Kwenye korido hatua za watu zilikuwa zinarudi kutoka chakulani, na kila ofisi iliyowashwa ilikuwa inakwenda kujitaja kwa kiranja.

Randa aliiacha kofia ianguke. Alikuwa anautazama ule upande wa skrini ambako mkewe na yeye walikuwa wamepangwa mmoja chini ya mwingine, namba kwa namba, kama walivyokuwa wakilala.

"Afande," akasema, "huyu mtu ananificha, au ananihifadhi?"